Mipungate ya Bi Mwanamvua

Mbwemkuru, Ruangwa
Jumamosi, saa kumi jioni

Dada yangu Auleria,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si wa pikipiki. Simu huku haishiki mtandao, ndiyo maana unaona mwandiko wangu.

Uliuliza mbona sikuja likizo. Ni kwa sababu ya ua. Pale Chunyu ninapofanya kazi ya ubwana shamba nina jirani mjane, Bi Mwanamvua. Marehemu mumewe alimwachia ua wa mipungate, ule mmea wa miiba wenye majani manene, unaozunguka shamba lake la mbaazi. Nje ya ua walikuwa mbuzi wa Mzee Hemedy, mtani wa marehemu. Siku ya mazishi Hemedy ndiye aliyewachekesha wafiwa mpaka mjane akakubali kula.

Mwaka huu ua ukaanza kuoza. Majani yalilegea, yakatoa maji ya kahawia yenye harufu ya samaki aliyelala, inzi wakajaa. Upande mzima ukaanguka, mbuzi wakaingia, mbaazi zikaisha. Bi Mwanamvua akasema mbele ya watu kwamba Hemedy ameupulizia ua salfa, ile dawa ya mikorosho, ili mbuzi wake wapate njia. Hemedy alidhani ni utani, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Watu walisema anamcheka mjane, na mwezi haukuisha akahamia huku Mbwemkuru na mkewe Munira na mbuzi wao wote.

Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha mtaalamu. Waliponiuliza nilisema nitapeleka sampuli wilayani. Sikupeleka, maana nilikuwa najua.

Dada, ni mimi. Mwezi wa pili Bi Mwanamvua aliniomba mbegu ya kuziba pengo. Nilikata vipande kwenye ua mmoja kule Ruponda, upande wa Nachingwea, nikavifunga kwenye pikipiki. Viwili vilikuwa na matundu yanayotoa ute. Ni matundu ya viwavi, na kiwavi akitoboa huingia na bakteria wa kuozesha. Kisha inzi waliokanyaga uozo ule huupeleka kwenye kila kidonda kingine. Nafundisha hivyo kila mwaka. Siku ile nilitaka kumaliza nikalale, nikavipanda matundu yakitazama chini ili asiyaone.

Jana nilimweleza Bi Mwanamvua. Aliuliza kama Hemedy ameshajua. Nikasema bado. Akasema hana la kuzungumza na mimi mpaka Hemedy ajue, akaingia ndani na kurudisha mlango.

Unanijua kwa kunyamaza. Chungu cha bibi nilikivunja mimi, uliyechapwa ni wewe, na sijawahi kukuomba radhi. Naomba leo.

Nimekaa kwenye kibaraza cha Hemedy. Munira amenipa maji na kunishukuru, anasema mimi ni mtu wa kwanza kutoka Chunyu kuwatembelea. Bado nimeyashika tu, sijanywa. Nisalimie mama na watoto. Nasikia kengele za mbuzi zinakaribia, basi naishia hapa.

Mdogo wako,
Evodius