Mbonyezo Mmoja, Dozi Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Bosi anataka jedwali ifikapo Ijumaa: maktaba tatu za programu huria, ipi tuitumie kwenye ukurasa ambamo wauguzi wa hospitali huandika dozi walizotoa. Dada, muuguzi wa hospitali hiyohiyo, kacheka. Maktaba, wewe uliyeshindwa kumaliza hata kitabu kimoja? Nikamweleza—ni msimbo wa watu, wa bure, unaouwezesha ukurasa kusikia kitufe kikibonyezwa. Akasema vitufe tunavisikiliza, wao hatuwasikilizi. Kisha kaeleza kwamba ukurasa hawaufungi kutwa nzima, kuingia upya kunachosha. Nilikuwa natafuta chaja.

Jumatano, 5 Machi
Nimezipima. Ya kwanza nzito. Ya pili inagoma kwenye simu za zamani. Ya tatu, naiita Ndogo, nyepesi na ina kasi. Kila jaribio nimefungua ukurasa upya, nikabonyeza, nikafunga. Safi! Ila kuna mtu kalalamika mtandaoni kwamba Ndogo ina "wasikilizaji wasiotoka". Nitasoma kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Sikusoma. Ndogo imeshinda. Bosi kanipigapiga begani.

Alhamisi, 27 Machi
Dada karudi macho mekundu. Mfumo unaonyesha alimpa mzee wa kitanda cha saba dawa ya maumivu mara mbili, dakika ileile. Mzee ni mzima, lakini Dada anaapa alimpa mara moja tu. Matroni, mkuu wa wauguzi, kamjibu kwamba mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Miaka kumi na minane kazini! Mama naye kamuuliza kama alikuwa amechoka. Nikaondoka mezani kwenda kulisoma lile lalamiko la mtandaoni.

Ijumaa, 28 Machi
Leo nimeijaribu Ndogo bila kufunga ukurasa. Fungua mgonjwa, nenda kwa mwingine, rudi kwa yule wa kwanza. Msikilizaji wa mwanzo, yaani ule msimbo unaosubiri kitufe, bado yupo, na wa pili kaongezeka. Bonyeza mara moja—dozi mbili zinaandikwa. Nimerudia mara tisa nikiomba nimekosea mimi. Naona aibu. Na hofu, tena nyingi.

Nimemwambia Bosi. Kafunga mlango kwanza. Tutarekebisha kimyakimya wikiendi, kasema, halafu kauliza jina lililo chini ya jedwali ni la nani. Langu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata mwezi.

Mezani Dada kaniuliza: wewe mtu wa mitambo, hivi inaweza kukosea? Nikasema nitaangalia. Nitaangalia! Muongo mkubwa mimi.

Jumatatu, 31 Machi
Benchi la korido, nje ya ofisi ya Matroni. Najifanya naandika mambo ya kazi. Bosi ameshasema mle ndani: mfumo hauna kasoro, fundi wangu huyu aliupima. Wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa! Hata sijui kichwa kilitikisika saa ngapi.

Tumepewa dakika kumi. Dada kapewa barua: akiri kosa, asaini, ahamishiwe stoo. Asiposaini, jina lake linapelekwa kwenye baraza la wauguzi. Kaniambia ahsante kwa kuja, mdogo wangu, damu nzito kuliko maji.

Anaisoma barua mara ya pili, kidole chini ya kila mstari. Sasa anapekua mkoba. Hana kalamu. Iliyopo hapa ni hii ninayoandikia, na ameshaninyooshea mkono