Sabuni Imeshindwa na Barafu

Fisksätra, Februari

Kaka Urbain,

Sabuni yako imetuaibisha! Unakumbuka tangi la pikipiki yako lilivyovuja kule Uvira, ukaliziba kwa kipande cha sabuni, likadumu mpaka ukaiuza pikipiki? Basi mashine ya shemeji yako Gédéon, ile ya kutoboa barafu ili tuvue samaki, ilianza kuvuja petroli, nami nikaipachika sabuni kwa mbwembwe zote. Kufika ziwani, baridi ikaikausha sabuni, ikapasuka na kudondoka, petroli ikachuruzika juu ya barafu!

Nikajua Gédéon atarudi kujifunika blanketi, kama kila siku tangu alipotazama maziko ya mama yake kwenye simu.

Kumbe alicheka, kaka! Alicheka mpaka akakaa chini. Nyumbani akaifungua mashine, akakuta mpira unaopitisha mafuta umechanika, akaweka mpya. Sasa kila tukitoka kuvua anaimimina petroli yote kwenye dumu, maana anasema ikilala ndani ya mashine inauozesha mpira. Nikisahau kumkumbusha, ananipigia kelele kama zamani!

Ukimpigia simu, usimpe pole tena. Muulize habari za samaki.

Mdogo wako anayenuka petroli,
Léontine