Jino Moja la Difu

Muzee wangu,

Nimelichafua jina lako. Naanza hapo hapo, maana nikianza na salamu nitazungukazunguka, nawe unanijua.

Lile gari jeupe ulilomwachia Mama, mke wako, lilikufa difu ya mbele, zile gia zinazozungusha magurudumu, miezi michache baada ya kukuzika. Oili ilivuja, meno yakasagika. Bila gari hilo Mama hawezi kuleta viazi kutoka Rumangabo, na viazi ndivyo vinavyomlisha. Akaniambia, "Bahati, we ndiye mutoto wa garaji yake. Tafuta." Nikaenda Mabanga, kwa wale wanaouza vipuri vya magari yaliyokatwa, nikaipata: umbo lilelile, matundu ya bolti yaleyale.

Unajua ambacho sikufanya. Kwako difu ya mtumba haikununuliwa bila kuhesabiwa meno, maana ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Chaki kwenye jino la kwanza, mmoja anazungusha, mwingine anahesabu kwa sauti, kisha mnaanza upya. Miaka yote niliyokuhesabia niliona haya, watu wakitucheka pale sokoni. Na siku hiyo wauzaji waliniita patroni, bosi wa garaji, kwa mara ya kwanza! Patroni apige magoti kuhesabu meno kama mtoto wa darasa la kwanza? Nikaipakia hivyo hivyo.

Safari ya kwanza niliendesha mimi, Mama kando yangu. Kwenye matope niliunganisha magurudumu ya mbele, gari likapanda vizuri. Tulipofika penye mawe makavu, mbele na nyuma vikaanza kugombana. Usukani ukakaza, na kabla sijaachanisha, gia boksi ndogo, ile inayounganisha mbele na nyuma, ikapasuka chini ya miguu yetu.

Mama akauliza kuna nini. Mdomo wangu ukatangulia: "Ni difu ya nyuma. Muzee aliwekaka isiyo ya hii gari."

Ile ya nyuma uliiweka wewe zamani, kabla sijaja kwako. Nilijua hutajibu, Muzee. Ndiyo maana nilikuchagua wewe.

Tulivutwa hadi garaji, Keshero, nikafungua zote. Kile kigia kidogo cha nyuma, ulichoweka wewe: meno tisa. Nikaokota ile difu ya mbele iliyosagika, mashina ya meno bado yanahesabika: tisa. Ile niliyoinunua mimi: kumi. Jino moja tu. Nilikaa chini sakafuni, nikatamani ardhi inimeze.

Hata hapo sikusema; waliotuvuta nilikuwa nimewajibu vilevile. Uongo ukatoka garaji ukaenda mjini bila mimi. Mafundi wakawa wanasema, "Kumbe hata Muzee alikosakosa." Baba mmoja akaleta lori lake nikague kazi uliyomfanyia. Nilifungua, kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikafunga, nikamwambia tu kwamba liko sawa. Sikumwambia kwa nini alikuwa na shaka. Siku hiyo nilishindwa hata kushika spana zako.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama. Alikuwa anachagua maharage. Nikamwambia yote, nikiangalia sinia, si uso wake. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Ile difu ya nyuma, ni miye nilihesabu. Tisa. Muzee alinirudilisha mara tatu, na mutoto mugongoni."

Alijua tangu kule barabarani. Alikaa kando yangu tukivutwa, akanipikia chai, akaniita mwanawe, na muda wote alijua.

Juzi tulikwenda Mabanga pamoja kutafuta difu nyingine. Nilipiga magoti kwenye ule mchanga mweusi mbele ya wale walioniita patroni, nikapaka chaki, nikazungusha. Mama alisimama juu yangu akihesabu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Tisa. Nikaanza kuinuka, nikifuta magoti.

"Tena," akasema.

Jumamosi mafundi wakikusanyika kunywa chai nitawaambia ni nani aliyekosa, na yule baba wa lori nitamfuata nyumbani kwake. Nakuahidi, na safari hii Mama atakuwepo kuhakikisha. Pumzika, Muzee. Samahani yangu haitoshi, najua. Tulihesabu mara tatu.

Wako,
Bahati