Jaribio la Uvunguni

Mama yangu,

Shikamoo. Habari hii nikikaa nayo nitapasuka: mwanao ndiye mwanafunzi bora wa kemia wa chuo chetu mwaka huu. Tuzo hutolewa kila mwaka, na mshindi hupanda jukwaani na mzazi. Nilipanda na Mama Mdogo. Alipiga vigelegele hata jina langu halijasomwa, ukumbi mzima ukacheka, nami nikajivuna bila haya.

Unakumbuka likizo yangu ya kwanza, uani kwetu Kipawa? Ulitoa batiki kwenye beseni la rangi ikiwa kijani iliyofifia, ikageuka buluu mbele ya macho yetu. Nikakueleza kisomi kwamba jua ndilo linaloivisha rangi. Ukasema ni hewa. Nikakucheka, mimi wa chuo, wewe uliyeishia darasa la saba.

Ulichovya kipande kingine, ukakiweka kwenye sinia, ukakisukuma uvunguni mwa kitanda, ukafunga madirisha na kurudi kumenya viazi. Tulipokitoa kilikuwa buluu tupu.

"Haya, msomi," ukasema, "jua limepitia wapi?"

Mradi wangu ulianzia pale. Ila kwenye ripoti niliandika "mafundi wa batiki wa mtaani" tu, maana niliona aibu kuwaambia walimu kwamba nimefundishwa na mama yangu. Ukiwa umelazwa, uliniuliza kama jina lako limo. Nikasema limo. Ukatabasamu, ukanishika mkono. Nilikudanganya, Mama, na tangu tukuzike sijapata raha.

Basi juzi nilipopewa kipaza sauti nishukuru, nilimpa Mama Mdogo cheti anishikie. Nikasema, "Jaribio la kwanza la utafiti huu lilifanywa na mama yangu, Zainabu, fundi batiki wa Kipawa. Mie nilikuwa nabisha." Watu wakasimama, walimu wangu nao. Walikupigia makofi wewe. Nililia, na sikujifuta.

Baadaye mwalimu aliyenisimamia aliniambia ripoti haijaenda maktaba, bado inarekebishika. Jana nimekuandika, jina lako lote, ukurasa wa kwanza.

Nisamehe kwa kuchelewa. Lala salama, dua zangu unazo. Nakuahidi, kila nitakapoulizwa kemia nilisomea wapi, nitataja uani kwetu kwanza, chuo kitafuata.

Mwanao,
Rehema