Kijiko cha Mtindi wa Jana

Katy, Texas,
26 Oktoba 2025.

Mpendwa Shangazi Nyakio,

Leo ni Jumapili alasiri, na kabla sijaandika neno nimejiapiza kukueleza yote. Kwenye simu siwezi, kwa sababu Mama huwa karibu.

Kwanza, hujambo? Goti lako limepata nafuu baada ya ile baridi ya Julai? Na yule ng'ombe, alizaa salama? Sisi tu wazima. Mama bado ni muuguzi pale pale, na Baba bado anamaliza asubuhi na jioni zake barabarani. Mdogo wangu Mark amerefuka, na maneno yake pia.

Shangazi, jirani yetu ni bibi wa Kihindi aitwaye Hansaben. Wajukuu wake humwita Ba, yaani bibi, nami nikafuata. Alizaliwa Kisumu. Siku ya kwanza aliponiona nikitoka shuleni, aliniita akiwa mlangoni: "Wewe toto ya Kenya, kuja. Iko chai." Nilisimama kwenye nyasi nikidhani naota.

Tangu siku hiyo nikawa napitia jikoni kwake kila nitokapo shule. Nyuma ya nyumba zetu kuna bwawa la maji ya mvua, na jioni ndege weupe hutua ukingoni bila sauti. Mwanga huingia dirishani kwa Ba ukiwa na rangi ya asali, ukachanganyika na moshi wa ubani, na mtu husahau kwamba barabara kuu iko karibu. Kabla ya kula, Ba huweka kisahani cha chakula mbele ya sanamu zake ndogo. Mara ya kwanza nilifumba macho nikingoja sala ya chakula. Nilingoja mpaka akaniuliza kama nina usingizi.

Nilimwuliza kama miungu yao ni wengi au ni mmoja. Alisema yeye aliuza vitambaa Kisumu, hakuwa padri, lakini mama yake alimfundisha kwamba ni Mmoja mwenye nyuso nyingi. Wahindu wengine watakuambia vingine, akasema. Matendo ya mtu hayapotei, humfuata. Na roho haifi pamoja na mwili, bali huzaliwa tena.

"Inarudi namna gani?" nikamwuliza.

Alikuwa akitengeneza mtindi. Alichota kijiko cha mtindi wa jana, akakikoroga ndani ya maziwa ya leo yenye uvuguvugu. "Kesho hii itaganda," akasema. "Sasa sema wewe. Hiyo ni ya jana ama ya leo?"

Nilirudi nyumbani polepole kando ya bwawa nikikuwaza wewe, maana wewe huniita mama. Baba naye husema, "Mama, niletee maji," na rafiki zangu wa shule hushangaa. Huwa nawaeleza kwamba nimepewa jina la marehemu nyanya yangu, mama yake Baba, na kwetu ndivyo ilivyo. Lakini yeye simjui ila kwa ile picha ambamo anakunja uso kwa jua. Jioni ile niliitazama kwa muda mrefu.

Nilipomweleza Mark, alisema nisipoosha vyombo nitarudi nikiwa kuku, na yeye ndiye atakayenila.

Kisha nikakosea mahali pa kuuliza. Katika darasa la Biblia la kanisa letu kule Alief, niliuliza kama mtu anaweza kurudi. Kina mama wote walinigeukia. Mama akautazama mkoba wake. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Wacuka, kwa Ba basi." Shangazi, sijamwacha Yesu, na ninasali kama ulivyonifundisha. Nilitaka kujua tu.

Jumatatu iliyopita ilikuwa sikukuu yao ya taa. Mlango wa Ba uliwaka vitaa vya udongo, nami nikavitazama kwa dirisha. Ba, asiyejua lolote, alituletea bakuli la mtindi. Kesho yake Mama aliliosha, akasimama nalo. Unajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mwishowe alikunja chapati akazitia ndani, na kwa kuwa mimi nimekatazwa, akalipeleka mwenyewe. Alikaa huko muda wa kunywa chai, akarudi ananukia ubani. "Yule mama Kiswahili chake ni kibaya sana," akasema, kisha akacheka peke yake. Bakuli limeshakuja tena, limejaa. Linakwenda na kurudi, ila mimi siendi.

Baba amesema, "Mwandikie dada yangu. Akikubali yeye, Mama yako hatakataa." Kwa hiyo neno ni lako, Shangazi. Ukinikataza nitatii.

Nisalimie Mjomba Wilfred, na Wawira na mtoto wake. Mungu awape mvua ya kiasi na maziwa ya kutosha.

Lakini uniruhusu usiniruhusu, tafadhali nijibu hili upesi: unaponiita mama, huwa unalitaja jina tu, au imewahi kutokea ukanisikia nikicheka, ukageuka kumtafuta?

Ni mimi nikupendaye, mwenye jina la mama yako,

Wacuka