Miwani Uliyozikwa Nayo Si Yako

Mzee Wekesa,

Nimekasirika, na leo utanisikiza tu. Miwani uliyozikwa nayo ni feki.

Niliiona kwako Bungoma, tulipopanga foleni kukuaga. Wengine walikuwa wanatazama uso wako, mimi nikaona mshono wa plastiki pale miwani inapokalia pua. Wooi! Miaka sita kwenye kibanda chetu cha miwani hapa Kitale ulinifundisha kuutafuta huo mshono kwa kucha, macho nimefumba. Ukanifundisha bawaba, na yale maandishi madogo kwenye kona ya kioo, ati feki huyapaka rangi, orijino huyachonga. Halafu wewe, mtu wa kukataa mzigo mzima kwa sababu ya skrubu moja, unalazwa na takataka usoni.

Na uliomba kitu kimoja tu, uzikwe na ile orijino mteja wako alikuletea kutoka Italia. Ndugu yako Barasa ndiye aliyekuvalisha. Ndiye pia alishika maikrofoni akalia kuliko wote. Nilijua ameibadilisha, na nikanyamaza. Ningesema nini mbele ya wazee wenu, mimi msichana wa kibandani kutoka kijijini Kwanza? Bado najichukia.

Sasa sikia nilichofanya. Wiki jana Barasa alikuja Kitale, akatoa miwani mfukoni ikiwa imefungwa kwa leso. "Chebet, hebu niangalilie. Hii ni orijino, si ndio?" Hata haya hana, bana! Nikaipima mkononi, nikapitisha kucha, nikasoma maandishi. Ilikuwa yako. Nikamwambia ni feki. Nilitaka tu aiache, niirudishe nyumbani kwako. Na aliniamini, kwa sababu wewe mwenyewe uliwaambia watu kwamba jicho langu halikosei. Akaitupa mezani, akaenda zake.

Kumbe nimekuchafua wewe. Jana mke wako, Mama Nafula, alinipigia simu huku analia. Barasa anazunguka soko la Bungoma akisema ulikuwa tapeli, ati hata miwani yako mwenyewe ilikuwa feki, sembuse zile uliwauzia watu. Na shahidi wake ni mimi. Mama aliniuliza kama ni kweli, nami nikakata simu. Miaka sita hukuniruhusu kumdanganya mteja hata mmoja. Nimedanganya mara moja tu, na ni juu yako.

Jumamosi nafunga kibanda nije Bungoma. Nitaiweka miwani mkononi mwa Mama, mbele ya Barasa na hao wazee, niseme ni orijino, niseme nilidanganya, niseme na iliyo kaburini aliiweka nani. Wakiniuliza kwa nini waniamini safari hii, nitawapa wapitishe kucha wenyewe. Wanizomee, wanifukuze, nitasema mpaka mwisho.

Pumzika, mzee wangu. Nisamehe ukiweza.

Chebet