Doa la Shimo la Saba ni Letu, Baba

Umetimia mwaka, Baba, tangu asubuhi ile ya Oktoba uliposhuka kwenye mashine ya kutoboa nyasi, ukaketi juu ya ndoo ya mchanga kama mtu anayengoja chai, na hukuinuka tena. Grini kumi na moja, zile nyasi fupi zinazozunguka mashimo ya gofu, ulikuwa umeshazitoboa, saba bado. Msaidizi wako, Elspeth Doig, alizimaliza wiki ile ile huku analia.

Miaka thelathini na minne uliutunza uwanja wa gofu wa mji wetu. Kulipokucha tu ulikuwa huko, unafagia umande kwa fimbo yako ndefu. Mfukoni hukukosa uma wa Mama wa kufukia alama za mipira. Hadi leo seti yake ya jikoni haijatimia. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa anayeburuta mkoba juu ya grini iliyolowa.

Kila vuli wachezaji walikujia juu. "Eck, nyasi ndiyo kwanza zimenoga, we unazitoboa kama chujio!" Nawe hukukosa jibu: "Na wewe ukizibwa pua utanoga? Ziache zipumue. Njoo baada ya wiki tatu unishukuru." Hakuna aliyekuja kushukuru, na wewe hukununa.

Jambo moja tu lilikupandisha hasira: majivu ya marehemu. Familia zilikuja kwa siri kuwamwaga wapendwa wao penye bendera, na wewe ndiye uliyebaki unabandua nyasi zilizokufa na kupanda nyingine. "Jamani, majivu ya mtu yanaunguza nyasi kuliko chumvi! Mimi nitupeni baharini. Mkinileta huku, nitawatokea!" Tulicheka. Lakini tulisikia, Baba. Hatuwezi kusema hatukusikia.

Mama ndiye aliyetaka majivu yako yaende uwanjani. "Alikaa huko kuliko nyumbani kwangu. Basi akae huko huko, nijue pa kumtafuta."

"Lakini Mama, Baba alisema..." Innes akaanza.

"Baba yako alisema mengi. Shika huo mkebe."

Siku ya mwaka mpya, mji mzima umelala kwa uchovu wa sherehe, tulikwenda watatu hadi shimo la saba. Upepo ukageuka, Innes akababaika, ukamwagika wote mahali pamoja. Nduguye Rhona akakutawanya kwa kiatu. Tuliimba ubeti mmoja, tukarudi kula pai ya nyama.

Machi likatokea doa la kahawia, refu, umbo la soksi. Kufika Mei nyasi zote pale zimekufa. Kamati ya klabu ikasema Elspeth amemwaga mafuta ya mashine na anaficha. Aliapa hakumwaga, hawakumsadiki. Cheo chako, walichompa kwa majaribio, wakasema mwisho wa Oktoba atapewa mtu wa nje. Na sisi tulijua. Rhona alikutana naye dukani mara mbili, akamwambia "pole". Pole! Mama akawa anapita barabara ya nyuma asimwone. Kila wiki tulisema tutakwenda wiki ijayo. Aibu ilitufunga midomo, huku mtu wa watu anateseka.

Jumatatu hii Mama alishindwa kuvumilia. Alivaa koti lako la mvua, akamfuata pale pale shimo la saba. Elspeth alikuwa amepiga magoti, anabana vipande vya nyasi mpya kwa ubao.

"Elspeth, mwanangu, si mafuta yale. Ni Eck."

"Eck gani?"

"Eck wetu. Majivu yake. Tuliyamwaga sisi."

Mama alingoja atukanwe. Kusema kweli alitamani atukanwe. Elspeth hakumtukana. Aliweka ubao chini, akautazama udongo.

"Kamati waliniamuru nichimbe udongo wote, wakisema una mafuta, upelekwe jalalani," akasema. "Lori lilikuja wiki iliyopita. Nilimpakia mwenyewe kwa koleo, Bi Netta. Tena nilikuwa nasonya."

Tusamehe, Baba. Mama amelia siku tatu, na sisi hatuna la kumtuliza, maana tulishika mkebe pamoja naye.

Barua yetu iko kwa katibu wa klabu, na hapa gazetini tunasema mbele ya kila anayesoma: Elspeth Doig hakumwaga hata tone. Kazi ile ulimfundisha wewe, na anaiweza. Kamati inakaa Alhamisi. Wewe mwanachama uliyewahi kumgombeza Eck kwa kutoboa nyasi, nenda ukamtetee Elspeth. Yeye mwenyewe hajatusemesha tangu Jumatatu, na ana haki.

Wanaokukumbuka kwa upendo na majuto ni mkeo Netta, wanao Rhona na Innes, dada yako Jessie-Ann, na wajukuu zako Lachie na Una.

Hatutakusahau kamwe, Baba, popote ulipo, maana sasa hata sisi hatupajui.